Vidaka vya Pate

Mwanafunzi afikaye Gedi, karibu na Malindi, huonyeshwa magofu ya mji uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kuta zingaliko, visima vingaliko, na msikiti mkubwa waweza kuutambua kwa mihirabu yake. Lakini wenyewe hawapo, wala hapana aliyetuandikia majina yao. James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua magofu hayo mwaka 1948, hakuwa na majina ya wenye nyumba alizozifukua, basi nyumba nyingine zikaitwa kwa vitu vidogo vilivyookotwa ndani yake. Ndiyo maana hata leo twasikia habari za Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma na Nyumba ya Bakuli la Sini.

Mwaka mmoja niliwapeleka huko wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu. Tulipofika penye Nyumba ya Mkasi, kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mwenye nyumba hii alikuwa mshonaji?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, jambo lisilompasa mwalimu. Tulipokuwa njiani kurudi, swali lile likanirudia. Kijana yule alikuwa amefanya vile vile afanyavyo kila msomaji: alipewa kitu kimoja kidogo, naye akakitumia kumjenga mtu mzima, pamoja na kazi yake na maisha yake. Alikosea mahali pamoja tu. Alidhani kwamba mkasi ule umewekwa pale ili umwambie jambo, na kumbe ulipotea au uliachwa, kisha udongo ukautunza kwa kuwa ni chuma, ukaiozesha mikeka na nguo na milango iliyokuwa jirani yake. Udongo hauchagui.

Mwandishi huchagua. Anapotupa habari ya nyumba, au ya mji, au ya mtu, mbele yake pana vitu elfu, naye huvitaja vitano au kumi, akaviacha vingine vyote gizani. Kwa hiyo kitu kilichomo katika kitabu kina swali zaidi ya kile kilichomo ardhini. Cha ardhini twakiuliza, "Wewe ni nini, na umefikaje hapa?" Cha kitabuni twakiuliza hayo, kisha twaongeza, "Ni nani aliyekuchagua, na kwa nini alikuchagua wewe, asimchague mwenzio?" Nakiri kwamba mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa sikulifundisha swali hilo. Niliwaambia vijana kwamba maelezo ni pambo, nikawaamuru waongeze maneno mazuri katika insha zao. Na walionisikiliza wakatia jua ling'aalo na ndege waimbao katika kila walichoandika, hata katika habari ya mazishi.

Tuanze na mfano mfupi. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri aliyezaliwa Tanja katika nchi ya Moroko, alipita pwani yetu akielekea Kilwa, akalala Mombasa usiku mmoja. Miaka mingi baadaye alirudi kwao, akasimulia safari zake zote kwa mwandishi aliyeitwa Ibn Juzayy, na kitabu kikamalizika mwaka 1355. Habari ya Mombasa ndani yake ni fupi sana. Asema kwamba watu wake hula ndizi na samaki, na kwamba nafaka huletewa kutoka mahali pengine. Asema pia kwamba ni watu wa dini na mwenendo mwema. Na hilo ni neno ambalo mgeni yeyote aliyekirimiwa angaliweza kuliandika juu ya wenyeji wake, nasi tungalilipita bila kulikumbuka. Lakini Ibn Battuta hakuishia hapo. Aliongeza kwamba watu walitembea miguu mitupu. Kwamba penye mlango wa msikiti palikuwa na kisima cha kina cha dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti chenye kijiti chembamba cha kutekea maji. Kwamba aingiaye alinawa miguu kwanza, kisha akaipangusa juu ya mkeka mnene uliotandikwa mlangoni.

Mkeka ule ndio unaotusadikisha. Neno "wema" ni hukumu ya msemaji, nasi twaweza kuikubali au kuikataa. Mkeka wa kupangusia miguu ni kitu tunachokiona, na hukumu twaitoa wenyewe. Tena vitu hivyo vyatuambia mengi juu ya huyo atazamaye kuliko alivyokusudia. Ibn Battuta alikuwa mwanasheria wa Kiislamu; jicho lake lilikwenda penye maji ya kutawadhia kama jicho la baharia liendavyo penye mlingoti. Mfanyabiashara aliyelala Mombasa usiku ule ule angalitueleza bei za sokoni, tusijue kamwe kwamba palikuwa na kisima. Wote wawili wangalisema kweli, na miji miwili ingalitokea katika vitabu vyao.

Sasa tuvuke hadi visiwa vya Lamu, tukautazame mfano ulio mzito zaidi, maana huo haukuandikwa na mpita njia bali na mwana wa mji.

Pate ulikuwa mji wenye nguvu katika karne ya 17 na ya 18. Watawala wake walikuwa wa ukoo wa Nabahani, na wafanyabiashara wake walipeleka pembe za ndovu ng'ambo ya bahari wakarudisha nguo na vyombo. Kisha mji ukadidimia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate, alitunga shairi liitwalo Al-Inkishafi katika miaka ile ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, akiuonya moyo wake mwenyewe usidanganywe na dunia. Shairi hilo lilichapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand juu ya lahaja za Kiswahili, kisha William Hichens akalitoa kuwa kitabu peke yake mwaka 1939. Sitanakili ubeti hapa. Mwanafunzi na autafute utungo mzima, ausome kwa sauti, asiridhike na vipande vinavyookotwa na walimu.

Fikiri kwamba mshairi huyo angalisema hivi tu: "Nyumba za matajiri wa Pate zilikuwa nzuri, na sasa zimeharibika." Ni kweli tupu, na hapana ambaye angalikesha kwa ajili yake. Alivyofanya ni kutuingiza ndani ya nyumba zile mara mbili. Mara ya kwanza twaingia usiku nazo zinawaka taa za shaba na bilauri, mpaka usiku wafanana na mchana. Twaona vyombo vya sini vilivyoteuliwa, miti ya kuangikia nguo iliyopangwa safu safu, vitanda vyenye mito kichwani na miguuni, marashi yakinyunyizwa. Twasikia mazungumzo katika vyumba vya wanaume, na shangwe katika vyumba vya wanawake. Mara ya pili twaingia katika nyumba zile zile. Popo wananing'inia juu, buibui watambaa vitandani, nyenje walia katika kumbi, na vidaka vilivyopangwa sini vimekuwa viota vya ndege.

Hapo kwenye vidaka yafaa tukae kidogo, kwa kuwa msomaji wa bara aweza kuvipita asijue alichokipita. Nyumba ya mawe ya Pate au ya Lamu hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake hushikwa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu mkubwa, kwa hiyo chumba huwa chembamba, na vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine kwenda ndani. Mgeni hukuta kwanza daka, ambapo watu huketi kwenye vibaraza, kisha tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha msana wa tini, na nyuma yake msana wa yuu, na mwisho kabisa chumba kiitwacho ndani. Kadiri mtu aendavyo mbele ndivyo heshima inavyozidi na ndivyo wanaoruhusiwa wanavyopungua. Mwanamume asiye wa jamaa hakutazamiwa kufika huko mwisho. Na huko mwisho ndiko ulikokuwa ukuta wa vidaka: safu juu ya safu za vijishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa, ambamo sini iliyotoka Uchina iliwekwa itazamwe.

Msomaji ajuaye ramani hiyo ya nyumba huusoma ubeti wa ndege kwa namna nyingine. Ndege wa mwituni hakukikuta kidaka kando ya njia. Ili afike pale, ama mlango mkubwa wa mbele umeanguka, na milango yote iliyoufuata, ama dari imeporomoka na mbingu yaonekana. Mahali ambapo binadamu wengi hawakuruhusiwa kutia mguu, kiumbe asiyebisha hodi anataga mayai. Mshairi hakusema kwamba sitara ya watu wale imevunjika. Hakusema kwamba mabibi wa nyumba hawapo, wala kwamba dari zimetoboka. Alisema ndege yumo kidakani, na mambo hayo yote matatu yakaingia pamoja na yule ndege. Hiyo ndiyo kazi ya kitu kidogo kilichochaguliwa vyema, na nathubutu kusema kwamba ukikiondoa ubeti hauzidi kuwa mfupi tu, bali hausemi tena jambo lile.

Mbinu hiyo ya kukirudia kitu kimoja katika hali mbili ameitumia mara nyingi. Vitanda vyenye mito vinajibiwa na kaburi, ambako hapana zulia wala tandiko. Wale wakubwa waliopita njiani wakizungusha shingo zao kwa maringo, huku watu wamewazunguka mbele na nyuma, twawakuta baadaye wamelala mchangani nao miili yao inaoza. Mtu akisoma haraka atadhani kwamba shairi lina mambo mengi. Kwa kweli vitu ni vichache. Ila kila kimoja kimetumiwa mara mbili, kama fundi wa jahazi asiyetupa mbao.

Mwanahistoria, hata hivyo, ana shaka yake, na ni haki awe nayo. Atauliza: je, haya aliyaona, au aliyapokea? Washairi wa Bara Arabu, tangu kabla ya Uislamu, walisimama kwenye mabaki ya makambi ya wapendwa wao wakalia, na kuuliza "wako wapi waliokuwapo?" ni desturi kongwe ya mawaidha. Sayyid Abdalla alikuwa mtu wa elimu, wa ukoo wa masharifu waliotoka Hadhramaut; hapana shaka aliijua desturi hiyo. Bundi katika shairi lake ni bundi ambaye angaliweza kulia katika gofu lolote la dunia, na sioni kwamba twaweza kumleta mahakamani kuwa shahidi wa habari za Pate. Vidaka ni shahidi wa aina nyingine. Havikutoka katika mabaki ya kambi za jangwani. Vilitoka katika ukuta ambao mshairi aliuona kwa macho yake, na ambao hata leo waweza kuonekana Lamu na katika magofu ya Pate kwenyewe. Basi yamkini tukasoma hivi: pale mshairi anapokuwa kama washairi wote, atupa hisia yake, na pale anapotaja kitu ambacho mgeni asingaliweza kukibuni, atupa pia nchi yake.

Tena, kama aliyetazamia kwamba tutamtilia shaka, atuambia twende wenyewe tukatazame. Asema tukaite ndani ya nyumba zile, na tutakachosikia ni mwangwi wa sauti zetu. Sauti ya mwanadamu haitajibu. Kila nikifika hapo nawakumbuka wale wanafunzi niliokwenda nao Gedi, ambao walipoingia katika jumba la mfalme walipiga kelele ili kuta ziwarudishie sauti. Niliwakataza. Sasa nadhani nilikosea.

Lakini shahidi mwema aweza pia kunyamaza, na hapa ndipo maelezo mazuri yanapokuwa na hatari. Kwa nini Pate ilianguka? Wanahistoria hutaja magomvi ya watawala juu ya kiti, na vita vya Pate na jirani zake. Hutaja pia bandari ya mji, ambayo maji yake ni haba, chombo kikalazimika kungoja maji kujaa. Karibu na mwaka 1812 watu wa Pate, wakisaidiwa na Wamazrui wa Mombasa, walikwenda kuipiga Lamu wakashindwa vibaya pale Shela. Na Lamu ikaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na tangu hapo nguvu ya Waomani pwani ikazidi kukua. Katika vitu ambavyo Sayyid Abdalla ametuonyesha, hapana bandari yenye maji haba. Hapana upanga wa Shela. Vyombo vya sini vipo, pembe zilizovinunua hazipo.

Simlaumu. Hakuwa akiandika historia. Alikuwa akiuonya moyo. Lakini tazama jinsi uchaguzi ule ulivyoibadilisha habari. Kwa kuwa twaonyeshwa taa na mito na marashi, kisha popo na buibui, twaamini kwamba anasa yenyewe ndiyo iliyoleta popo. Hapana mahali alipotamka kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuanguka kwa mji. Vitu vilivyopangwa jirani vimetufanya sisi wenyewe tuitamke. Nimesahihisha mitihani ambamo vijana wameandika, bila wasiwasi wowote, kwamba Pate ilianguka kwa sababu ya starehe, na nilipowauliza wameipata wapi habari hiyo hawakuweza kunionyesha mstari.

Mwaka jana nilisoma sehemu hiyo ya shairi darasani. Nilipomaliza, nilitazamia waniulize juu ya popo, kwa kuwa popo huwapendeza vijana. Msichana mmoja, ambaye si mwepesi wa kusema, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, sini hizo nani aliyekuwa akizipangusa vumbi?"

Sikuwa na jibu tayari. Tuliufungua utungo tukautafuta pamoja. Watumishi na watumwa wamo. Wametajwa katika habari ya shangwe ya nyumba zile; na kitu kilichotajwa juu yao hapo si mikono yao, wala nguo zao, wala mahali walipolala, bali kelele zao, zilizochanganyika na vicheko vya nyumba. Ni sauti miongoni mwa sauti, dalili kwamba nyumba ni tajiri, kama taa zilivyo dalili na sini zilivyo dalili. Mshairi anapofika kuuliza wako wapi waliokuwapo, huuliza juu ya wakuu, na wengine huwataja kwa majina. Wenye kelele zile hawakuulizwa.

Msichana yule akarudi tena kwenye ule ubeti wa nyumba tupu, akausoma polepole, akasema kwamba hata hivyo wamo humo pia, kwa maana ukimya unaoelezwa pale hauwezi kuwa ukimya wa mabwana peke yao. Darasa likabishana mpaka kengele ikalia, na nusu yao hawakukubaliana naye. Mimi nimeusoma ubeti huo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nazisikia zile kelele kabla ya kuwasikia nyenje.